Jeraha lisiloandikwa kwenye faili: historia ya kupima akili ya mfanyakazi anayedai fidia

SEHEMU YA 1

Wiki hii zile mada zetu za presha na sukari zinapumzika kidogo. Kuna jambo nimelikalia muda mrefu na leo naomba nilitoe. Ni refu, nitalikata vipande sita. Wenye haraka mnaweza kuhifadhi mkasome taratibu.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa wodi ya upasuaji, wanaume. Akaletwa kaka mmoja kutoka kiwandani, mashine imemchukua vidole vitatu vya mkono wa kulia. Alikaa kwetu wiki tatu. Kidonda kilipona vizuri sana, hakikutoa usaha, nyuzi zikatolewa kwa wakati, kila daktari aliyepita alisifia.

Lakini usiku yule kaka halali. Umeme ukikatika na jenereta ya hospitali ikawaka, anaruka kitandani, jasho linamtoka kama amemwagiwa maji. Mara mbili nilimkuta amekaa korido saa nane usiku, ameukumbatia ule mkono. Mkewe aliniambia, "Sista, huyu siye mume wangu niliyemzoea." Nikamjibu kama tunavyojibu wote: "Ndiyo maumivu hayo mama, atazoea."

Asubuhi nikaandika ripoti yangu ya usiku. Wauguzi wenzangu mnaijua hiyo sentensi, hata mkiamshwa usingizini mnaiandika: "Mgonjwa amelala vizuri, kidonda kikavu, hana malalamiko."

Ilipita karibu miezi kumi, nikakutana naye tena dirisha la kumbukumbu anafuatilia faili lake. Kumbe alilipwa fidia ya vidole. Akarudishwa kazini, idara ileile. Akisogelea mashine, miguu inaisha nguvu. Akaacha kwenda. Alipojaribu kudai kwamba ajali ilimwachia na tatizo la akili, wakamtaka athibitishe lilianza lini. Faili likafunguliwa. Wiki tatu za kulazwa, hakuna mstari hata mmoja unaosema halali. Kuna mistari mingi tu inayosema amelala vizuri, na mingine ina saini yangu.

Hakunifokea. Alisema tu, "Sista, si ulikuwepo?"

Tangu siku ile nikaanza kutafuta na kusoma. Mimi si mwanasaikolojia, nina stashahada yangu ya uuguzi na miaka ya wodini. Nilitaka kujua hili swali la "una uhakika akili yake imeumia, au anataka hela?" lilianzia wapi. Kumbe lina zaidi ya miaka 150. Na lilianzia kwenye treni.

SEHEMU YA 2: TRENI

Tarehe 9 Juni 1865, Staplehurst, kusini mwa Uingereza. Mafundi wanatengeneza daraja dogo la reli. Wameng'oa vipande vya reli kwa sababu msimamizi wao ameangalia ratiba ya siku nyingine, anadhani treni bado. Treni ikaja. Mabehewa yakaanguka chini, watu 10 wakafa, wengine kama 40 wakaumia. Ndani alikuwemo mwandishi maarufu Charles Dickens. Behewa lake lilibaki linaning'inia, akatoka mzima, akashuka chini kuhudumia majeruhi, akiwanywesha maji na pombe kali.

Mwili wake haukuwa na mchubuko wa maana. Lakini baada ya hapo kusafiri kwa treni kukawa mateso. Mwendo ukiongezeka kidogo anashika kiti, anatetemeka. Alifariki miaka mitano baadaye, tarehe ileile ya 9 Juni.

Dickens alikuwa na jina, hakuna aliyemwambia anazuga. Abiria wengine walikuwa wengi, nao walikuwa wanazishtaki kampuni za reli: mtu ametoka mzima kwenye ajali, wiki mbili baadaye hawezi kulala, mgongo unauma, kumbukumbu inapotea, kazi imemshinda. Kampuni zinauliza: jeraha liko wapi?

Mwaka 1866 daktari bingwa wa upasuaji wa London, John Eric Erichsen, akachapisha mihadhara yake kuhusu majeraha ya reli. Yeye alisema ule mtikisiko unaumiza uti wa mgongo kwa namna ambayo macho hayaoni. Watu wakauita ugonjwa huo "mgongo wa reli". Mawakili wa abiria walikishika kitabu chake kama Msahafu, kinaingia nacho mahakamani kila kesi.

Mwaka 1883 akajibiwa. Aliyejibu ni Herbert Page, naye daktari wa upasuaji. Sasa hapa naomba msikimbie: Page alikuwa daktari wa kampuni ya reli. Alisema hapana, uti wa mgongo umelindwa vizuri, hautikisiki kirahisi hivyo. Kinachowaumiza wengi wa watu hawa ni hofu, ule mshtuko wa kuona kifo. Akaongeza kwamba matumaini ya kulipwa yanaweza kumfanya mtu achelewe kupona.

Mnaona kilichotokea? Aliyekuwa upande wa abiria alikosea kuhusu mgongo. Aliyekuwa upande wa kampuni alikuwa karibu zaidi na ukweli, kwamba binadamu anaweza kuumizwa na hofu yenyewe bila kuguswa. Ila ukweli huo ulitoka umefungwa pamoja na shaka. Tangu siku ya kwanza, "ni akili yake" na "anataka hela" vilisafiri behewa moja. Havijatenganishwa mpaka leo.

SEHEMU YA 3: BERLIN

Mwanzoni mwa miaka ya 1880, hospitali ya Salpêtrière, Paris, Profesa Jean-Martin Charcot alikuwa anatibu ugonjwa ulioitwa histeria. Enzi hizo wengi waliamini ni ugonjwa wa wanawake. Charcot akaanza kuwaonesha wanafunzi wake wanaume, tena wanaume wa kazi ngumu. Mmoja alikuwa mchukuzi aliyegongwa na gari la farasi mtaani. Alipozinduka miguu yote miwili haifanyi kazi. Akilini mwake magurudumu yalimpita juu ya miguu. Kumbe hayakumpita. Waliokuwepo walisema hivyo, na mwili wake haukuwa na alama. Lakini miguu ilipooza kweli, hakuwa anaigiza. Charcot alisema wazo lenyewe, likiingia wakati wa mshtuko, linaweza kufanya kazi ya gurudumu.

Huku Ujerumani, Kansela Bismarck anahangaika na wafanyakazi wa viwandani wanaojiunga na wasoshalisti. Mwaka 1884 ikapitishwa sheria ya bima ya ajali kazini. Ilikuwa kitu kipya duniani. Mfanyakazi hahitaji tena kuthibitisha kwamba bosi alizembea. Umeumia kazini, unalipwa, na ukishindwa kazi kabisa pensheni ni theluthi mbili ya mshahara. Wanaochangia ni vyama vya waajiri.

Kwa hiyo swali "nani mwenye kosa?" likafa. Likabaki swali moja tu, "umeumia kweli na kwa kiasi gani?" Na mtu wa kulijibu ni daktari. Ndiyo maana nasema tathmini hizi tunazoziona leo zilizaliwa pale. Mahali daktari anapotia saini ndipo hela inapotoka au inapokwama.

Mwaka 1889 daktari wa neva wa Berlin aliyefanya kazi hospitali ya Charité, Hermann Oppenheim, akatoa kitabu chake kuhusu magonjwa ya neva yanayotokana na ajali. Alikuwa amewachunguza wafanyakazi wa reli na viwandani. Alisema hawa watu ni wagonjwa, ajali imebadilisha kitu kwenye mfumo wao wa neva hata kama hatukioni. Mwaka huohuo mamlaka ya bima ya dola ikakubali: ugonjwa wa neva baada ya ajali unalipwa.

Madaktari wengi wakaja juu. Wakasema sheria ndiyo inayozalisha wagonjwa. Likaundwa hadi jina jipya, "ugonjwa wa pensheni". Walisema mtu huyu mgonjwa wake ni tamaa, ukimnyima pensheni atapona.

Hoja hiyo ilipata nguvu vitani. Septemba 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, madaktari wa akili na neva wa Ujerumani walikutana Munich. Maelfu ya askari walikuwa wanatetemeka, wamekuwa bubu, hawatembei. Serikali ikiwahesabu wote hawa kama wenye pensheni, kasma itaisha. Mkutano ukampinga Oppenheim karibu kwa kauli moja. Alifariki 1919, nadharia yake imeshatupwa. Mwaka 1926 mamlaka ileile ya bima iliyokubali mwaka 1889 ikageuza uamuzi: kama ugonjwa unatokana na mawazo ya kutaka kulipwa, basi ajali siyo chanzo, na hakuna malipo.

Binadamu wa 1926 hawakuwa na akili tofauti na wa 1889. Kilichobadilika ni hali ya hazina.

Na kwa sisi wa huku: miaka hiyohiyo Wajerumani walikuwa wanajenga reli Tanganyika, kutoka Tanga na kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ilikofika 1914. Ile bima ya Bismarck ilitungwa kwa ajili ya wafanyakazi wa Ujerumani. Mababu zetu waliobeba mataruma hawakuwa na daktari wa kubishana juu yao Munich.

SEHEMU YA 4: MGODI NA FOMU YA VITANI

Turudi Uingereza. Wao sheria yao ya fidia kwa wafanyakazi ilikuja 1897, ikapanuliwa 1906. Na hapa kuna kesi ambayo kwa kweli ilinitoa machozi nikiwa kwenye daladala.

Mwaka 1910, mchimbaji wa makaa ya mawe chini ya mgodi. Anasikia kelele, anakimbia, anamkuta mwenzake ameumia vibaya mno. Anasaidia kumbeba. Yule mwenzake anafariki. Huyu aliyembeba yeye mwenyewe hana hata kovu. Lakini baada ya siku ile akashindwa kufanya kazi, neva zimevurugika. Akadai fidia. Mwajiri anasema, sheria inataka "jeraha la mwili kwa ajali", wewe jeraha lako liko wapi?

Mahakama ya Rufaa ikampa haki. Majaji walisema mshtuko wa neva unaomfanya mtu ashindwe kazi ni jeraha sawasawa na mguu uliovunjika. Mwaka 1910 hiyo! Sisi bado tunaambiana "kaza moyo".

Miaka minne baadaye vita ikaanza. Februari 1915 daktari Charles Myers akaandika kwenye jarida la Lancet kuhusu askari waliopoteza kumbukumbu, kuona na kunusa baada ya makombora kulipuka karibu yao. Akatumia jina "mshtuko wa makombora", baadaye alijuta kulitumia, maana wengi waliougua hawakuwa wamekaribia kombora lolote.

Jeshi likaja na mpango wa herufi. Ukipewa herufi moja, maana yake umejeruhiwa na adui, una heshima ya majeruhi na njia ya pensheni. Ukipewa nyingine, maana yake wewe ni mgonjwa tu, hakuna aliyekujeruhi. Mwaka 1917 wakaenda mbali zaidi. Wakapiga marufuku madaktari wa mstari wa mbele kuandika "mshtuko wa makombora". Askari anaandikwa kwamba ugonjwa wake wa neva bado haujatambuliwa, anapelekwa hospitali maalumu, na fomu inatumwa kikosini kwake kwa kamanda. Kamanda ndiye aseme: je, kombora lililipuka karibu yake, ndiyo au hapana?

Fikirieni. Mgonjwa yuko kitandani anatetemeka. Jina la ugonjwa wake linasubiri karatasi kutoka kwa mtu aliye kwenye mahandaki, pengine hamkumbuki, pengine ameshakufa naye. Fomu isiporudi, au ikirudi haina maelezo, imekula kwako.

Niliposoma hapo nikafunga simu. Nilimwona yule kaka wa vidole vitatu dirishani. Mimi ndiye niliyekuwa kamanda wa fomu yake.

SEHEMU YA 5: MASWALI 500 NA PICHA 50

Baada ya vita ya pili uwanja ukahamia zaidi Marekani. Mwaka 1955 Mahakama Kuu ya jimbo la Texas iliamua kesi ya fundi chuma. Alikuwa juu ya jukwaa la ujenzi na mwenzake, upande mmoja ukaachia. Mwenzake akaanguka akafa, yeye akanaswa na waya akapona akiwa na majeraha madogo. Majeraha yakapona. Akijaribu kupanda tena juu, mwili unaganda. Mahakama ilisema neno "mwili" kwenye sheria halimaanishi mifupa na nyama tu. Mwili ni mtu mzima anayefanya kazi. Mfumo wa neva ukishindwa kazi yake, mwili umeumia.

Lakini ile shaka ya Page haikufa. Mwaka 1961 daktari wa neva wa Newcastle, Henry Miller, alichapisha mihadhara miwili maarufu kuhusu wadai fidia aliokuwa anawapima kwa ajili ya kesi. Alifuatilia 50 kati yao baada ya kesi kuisha, akasema karibu wote walirudi kazini bila matibabu. Ujumbe ukaenea kwamba dawa yao ni hukumu. Bima zilifurahi. Kwa zaidi ya miaka 20 mawakili waliitumia hoja hiyo, mpaka wengine walipofuatilia wadai wao: George Mendelson kule Australia mwaka 1982, na Tarsh na Royston wa Uingereza mwaka 1985. Wakakuta wengi wao kesi imeisha, hela wameshapewa, na bado ni wagonjwa, hawajarudi kazini.

Mwaka 1980 ndipo chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilipoingiza rasmi kwenye kitabu chao cha magonjwa ule ugonjwa wa kiwewe tunaoujua kwa kifupi cha PTSD. Waliosukuma sana ni maveterani wa Vietnam na madaktari waliokaa nao. Ndoto mbaya, kushtuka, kukwepa mahali pa tukio, kufa ganzi moyoni. Dalili zile walizokuwa nazo abiria wa 1865, sasa zina jina na namba.

Sasa wanampimaje mtu? Watu huwa wanadhani ni kuangaliwa usoni tu. Hapana.

Kuna dodoso lililotengenezwa Chuo Kikuu cha Minnesota, likachapishwa 1943, linaitwa MMPI. Lina sentensi zaidi ya 500, unajibu kweli au si kweli. Ujanja wake ni kwamba ndani yake kuna mizani ya kukupima wewe unayejibu. Kuna sentensi ambazo mtu anayejionesha mtakatifu hunaswa, na nyingine ambazo anayezidisha ugonjwa hunaswa, kwa sababu anakubali dalili ambazo wagonjwa wa kweli ni nadra kuwa nazo.

Mwaka 1991 ikatungwa mizani maalumu ya kuwanasa wadai fidia, yenye sentensi 43. Ikapigiwa kelele sana na baadhi ya wanasaikolojia. Walisema baadhi ya sentensi zake ni malalamiko ya kawaida ya mtu mwenye maumivu halisi, kwa hiyo mgonjwa wa kweli anaweza kuhesabiwa mwongo. Ubishi ule haujaisha.

Kuna kipimo kingine cha 1996, ukisema ajali imekuharibia kumbukumbu. Unaoneshwa picha 50 za vitu vya kawaida. Halafu unaoneshwa mbilimbili, useme ipi uliiona. Kinaonekana kigumu ila ni rahisi, hata watu wengi wenye majeraha ya ubongo wanakifaulu. Ukibahatisha tu huku umefumba macho utapata kama 25. Kwa hiyo anayepata 10 amejitega mwenyewe, maana kukosa kiasi hicho lazima uwe unalijua jibu na unalikwepa.

Mimi nakipenda kile kipimo, nisiwafiche. Wanaozuga wapo. Nimewaona wodini, anachechemea daktari akiingia, akitoka anakimbilia chai. Hela ya mfuko wa fidia ni ya wafanyakazi wote, mwongo mmoja anamharibia mkweli. Kupima siyo ubaya. Ubaya ni kupima huku jibu umeshaamua kwa kuangalia nani anakulipa.

SEHEMU YA 6: KWETU

Tanganyika ya Mwingereza ilipata sheria yake ya fidia mwishoni mwa miaka ya 1940. Ilifuata mtindo wa Uingereza: jedwali la viungo. Kidole gumba asilimia kadhaa, jicho asilimia kadhaa, mguu kadhaa. Mwili umekatwa vipandevipande kama nyama buchani, kila kipande na bei yake. Kwa kiungo kilichokatika jedwali linafanya kazi, unahesabu vidole umemaliza. Kwa mtu asiyelala, unahesabu nini?

Tukaishi nayo hadi ilipokuja Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, namba 20 ya mwaka 2008, iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mfuko ukaanza kazi 2015, Tanzania Bara. Hatua kubwa sana, kwa sababu sasa kuna mahali pamoja pa kudai na kuna tathmini ya madaktari. Na jambo lililonifurahisha: sheria inayofuata kwenye orodha ya mwaka huo, namba 21 ya 2008, ni Sheria ya Afya ya Akili. Zimekaa jirani, mlango na mlango. Sijui kama huwa zinapeana chumvi.

Mwaka 2010 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha orodha mpya ya magonjwa ya kazi, na kwa mara ya kwanza likaweka kundi la magonjwa ya akili, PTSD ikiwa imetajwa kwa jina. Kwa hiyo hakuna wa kutuambia kwamba haya ni mambo ya Wazungu.

Ila tuna shida zetu wenyewe. Ya kwanza ni aibu. Mwambie mfanyakazi "nakuandikia rufaa kwa daktari wa akili", atakuuliza, "Sista, unanipeleka Mirembe?" Ataficha dalili hadi zimkomeshe.

Ya pili ni lugha. Mgonjwa wetu hasemi nina kiwewe. Anasema nina mawazo. Anasema moyo unaenda mbio, mwili hauna nguvu, kichwa kinajaa, naona kama vitu vinatembea. Dodoso lililotungwa Minnesota haliyajui maneno hayo. Ukilitafsiri neno kwa neno, utapima Kiingereza cha mtu badala ya ugonjwa wake. Kazi imeanza, lile dodoso fupi la sonona la PHQ-9, lenye maswali 9, limeshatafsiriwa kwa Kiswahili na kufanyiwa majaribio kwa watu wetu. Yanahitajika mengi zaidi.

Ya tatu ni sisi. Naomba wauguzi wenzangu msichukie. Miaka yote hii 150, madaktari wakubwa, majaji na makampuni wamekuwa wakibishana juu ya mtu ambaye wamekutana naye miezi au miaka baada ya ajali. Wote wanauliza kitu kilekile: lilianza lini, nani aliona? Aliyeona ni yule aliyekuwa zamu ya usiku. Na yule hakuandika.

Mtathmini akifungua faili akakuta kimya, hana namna. Hata akiwa na huruma kiasi gani, kimya kinasomeka kama "hakukuwa na tatizo". Na mzugaji naye kimya hicho kinamfaa, kwa sababu hakuna cha kumpinga. Kumbukumbu nzuri inamsaidia mkweli na inamkwamisha mwongo, vyote kwa pamoja.

Mimi sasa naandika hivi: "Saa 8:10 usiku amekutwa amekaa kitandani, jasho jingi, mapigo ya moyo 118. Jenereta ilipowaka ameshtuka na kulia. Anasema, 'Nikifumba macho naiona mashine.' Amekaa macho hadi saa 11. Daktari wa zamu amearifiwa." Dakika tatu tu. Sijasema ana ugonjwa gani, hiyo siyo kazi yangu. Nimesema nilichoona, nilichosikia na saa ngapi. Maneno ya mgonjwa nayaweka kama alivyoyasema, siyageuzi yawe ya kitabuni.

Na nyie mnaofanya kazi viwandani, migodini, kwenye mabasi, ujenzi, ulinzi, hata sisi wa hospitali: ukiumia, au ukimwona mwenzako amefia mbele yako, usiku usiolala useme. Mwambie muuguzi, mwambie daktari, hakikisha wanaandika. Usisubiri kidonda kipone ndipo useme. Na ndugu mnaouguza, yule mke aliyesema "siye niliyemzoea" alikuwa ametoa taarifa muhimu kuliko vipimo vyote vya siku ile. Nilimjibu "atazoea". Msikubali jibu hilo.

Mtaniuliza yule kaka yuko wapi. Yupo. Ana kibanda cha kuchaji simu na kuuza vocha, anaandika kwa mkono wa kushoto. Kwa upande wa akili hakupata kitu, ila siku hizi anahudhuria kliniki, nilimsindikiza ile siku ya kwanza. Niliandika barua nikaeleza nilichokiona usiku ule, na kwamba ripoti yangu haikuwa sahihi. Walisema imechelewa. Ameniambia amenisamehe, na mimi namwamini. Lakini nikipita pale kibandani, jenereta ya jirani ikiwaka, huwa namwona anashika meza.

Maswali yawekeni, nitajibu kesho nikitoka zamu. Usiku mwema, mie naingia wodini.